UZI: Tuliokulia kwenye vibanda vya video, tuzungumzie muziki uliokuwa ukipita chini ya sauti ya VJ

FundiSauti wa Bombo

Habari zenu wanajukwaa. Uzi huu ni mrefu, atakayechoka apumzike arudi kesho.

Mimi ni fundi wa sauti hapa Bombo. Nafunga spika kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye mikutano ya hadhara. Nyumbani tulikua tukizungumza Kinubi, lugha ya Wanubi, na Kiswahili. Kiganda nilikiokota barabarani, na zaidi kwenye kibanda cha video. Aliyekulia Uganda miaka ile anakijua: mabati, mabenchi ya mbao, blanketi zito mlangoni kuzuia jua, televisheni moja juu ya kabati, spika mbili, na VJ, yule mtafsiri wa filamu papo hapo, ameketi pembeni. Mkono mmoja umeshika maikrofoni, wa pili hautoki kwenye kitufe cha sauti. Akitaka kusema anaishusha filamu, akimaliza anaipandisha. Picha zilitoka Marekani au Hong Kong, lakini hadithi ilikuwa yake, na sisi watoto tulilipa ili tumsikie yeye.

Kwa hiyo muziki wa filamu tuliupata vipande vipande, ule uliopenya VJ alipovuta pumzi.

Siku moja ikawekwa Gladiator, ile ya mwaka 2000. VJ alikuwa amewaka tangu mwanzo, kibanda kizima kinapiga kelele. Tukafika mwisho. Maximus ameanguka mchangani pale uwanjani Roma, na sauti ya mwanamke inaanza kuimba. VJ akaishusha filamu kama kawaida yake, akasogeza maikrofoni mdomoni, akasema kwa Kiganda, "Mama huyu anasema..." Akakatika. Akasikiliza tena. Halafu akaweka maikrofoni chini na kupandisha sauti mpaka mwisho wa kitufe. Hakusema neno tena. Watu waliozoea kusimama majina yanapoanza kupanda walibaki wamekaa. Nilikuwa mtoto, sikujua ninachokisikia ni nini, lakini nywele za mikono zilisimama.

Ilinichukua miaka mingi kujua kilichompata VJ wetu. Mwimbaji ni Lisa Gerrard wa Australia, aliyetunga muziki wa filamu hiyo pamoja na Hans Zimmer, na maneno anayoimba si ya lugha yoyote duniani. Anayaumba mwenyewe, kwa sauti tu. VJ hakushindwa kazi yake siku ile. Hapakuwa na cha kutafsiri, na yeye alikuwa mtu wa kwanza kibandani kulitambua hilo.

Tangu nilipopata vifaa vyangu vya kusikilizia nimekuwa nikizirudia filamu zile moja baada ya nyingine, bila VJ. Nataka kuwaambia nilichokikuta.

Chukueni First Blood ya 1982, ile tuliyoiita Rambo ya kwanza. Muulize yeyote aliyeiona kibandani, atakuambia ni picha ya bunduki. Sasa isikilize. Kijana anashuka na begi lake la kulalia akimtafuta rafiki aliyepigana naye Vietnam. Gitaa linaanza peke yake. Tarumbeta linaingia taratibu, na fidla zinalishika kwa chini. Anafika, anaambiwa rafiki yake alishakufa kwa saratani. Bado hatujaona hata ngumi moja, na mtunzi ameshatueleza filamu inahusu nini: mtu aliyerudi kutoka vitani akakuta hakuna aliyemngoja. Mtunzi huyo ni Jerry Goldsmith. Hapa kwetu Bombo, mji wa kambi, watu wa namna hiyo tunaishi nao. Nilipoisikiliza sawasawa nilimkumbuka jirani mmoja aliyekuwa akikaa mbele ya nyumba yake kila jioni, amevaa kofia yake, haongei na mtu.

Halafu kuna hili ambalo bado linanishangaza kila nikilifikiria. Commando ya 1985, ya Schwarzenegger, kila kibanda kilikuwa na kanda yake. Muziki wake una yale mapipa ya chuma ya Trinidad yanayogongwa kwa vijiti, na saksafoni, mambo ya jua na jasho. Miaka kumi na miwili baadaye ikaja Titanic, dada zetu wakalia vibandani mpaka blanketi la mlangoni likalowa. Kule kuna sauti ya Sissel wa Norway akiimba bila maneno, na zumari la mfuko la Ireland. Muziki wa filamu zote mbili umetungwa na mtu mmoja, James Horner. Hata ule wimbo wa Celine Dion, mwelekezi James Cameron hakutaka wimbo kwenye filamu yake. Horner aliutunga na kuurekodi kimya kimya, kisha akampelekea. Alikufa Juni 2015, ndege ndogo aliyokuwa akiiendesha mwenyewe ilipoanguka California.

Miaka yote ile tulijua majina ya waigizaji na majina ya VJ. Majina ya watu hawa hatukuyajua. Naomba tuyataje humu. Kila mmoja alete filamu yake.

Mwalimu wa Arua

Fundi, nashukuru kwa uzi huu. Hiyo habari ya VJ kuweka maikrofoni chini nimemsomea mke wangu kwa sauti.

Nina maswali mawili. La kwanza: mtunzi anapewa nini mkononi? Anasoma hadithi kwanza, au anaonyeshwa picha zikiwa tayari? La pili: kwa nini muziki wa filamu nyingine unanirudia siku tatu nzima, na wa nyingine siukumbuki hata nikiwa bado naitazama? Mimi nafundisha watoto kupiga adungu, ala yetu ya nyuzi, baada ya masomo, kwa hiyo swali hili si la kupitisha muda kwangu.

FundiSauti wa Bombo

Mwalimu, karibu sana.

Njia ya kawaida ni hii. Filamu inapigwa, inakatwa na kuunganishwa, ndipo mtunzi anakaa na mwelekezi, wanaitazama tangu mwanzo hadi mwisho na kuamua: hapa muziki uingie, hapa utoke. Wengi wanadhani kazi kubwa ni kutunga wimbo mtamu. Mimi naona kazi kubwa imo katika kuamua mahali pa kunyamaza. Tazama Jaws ya 1975, ya papa. John Williams alianza na noti mbili tu, zimepakana kama vidole viwili, zinazorudiwa chini kabisa kwenye selo na besi, taratibu, kisha haraka. Kila unapozisikia, papa yupo. Sasa kuna mahali ambapo watoto wawili wanaogelea na pezi la bandia kuwatisha watu ufukweni. Watu wanakimbia, wanakanyagana, na muziki haupo. Williams amekuambia ukweli kabla ya picha kukuambia. Ukiwa umesikiliza, unajua hakuna papa. Na kwa kuwa amekuzoesha hivyo, baadaye papa anapotokea bila onyo unaruka kwenye kiti, kwa sababu ulikuwa umeshamwamini.

Mtunzi akishajua nafasi zake, anazipima kwa sekunde. Picha ishirini na nne zinapita kila sekunde moja, na mlango unaofungwa kwa kishindo lazima ukutane na ngoma yake. Okestra inapoketi studioni, wapigaji wanavaa vifaa vya masikioni vinavyowagongea mapigo, na mara nyingi karatasi za muziki ndiyo kwanza wanaziona siku hiyo. Wanasoma na kupiga papo hapo.

Lakini wakubwa wengine walikwenda kinyume. Ennio Morricone wa Roma, ambaye alianza kama mpiga tarumbeta, alimtungia Sergio Leone muziki wa Once Upon a Time in the West kabla ya filamu kupigwa. Leone akaucheza kwa spika pale pale kwenye uwanja wa kupigia picha, na waigizaji wakatembea kwa kuufuata. Ukiiona tena utaelewa kwa nini hatua zao ziko vile. Na John Williams alipokuwa akirekodi mwisho wa E.T. na okestra, muziki ukawa unagoma kukaa sawa na picha. Steven Spielberg akamwambia aizime picha, aongoze muziki anavyousikia moyoni. Kisha wakaikata filamu upya iufuate muziki.

Kuna kisa cha Psycho pia, ya 1960. Alfred Hitchcock alitaka pale mwanamke anapouawa bafuni pasiwe na muziki kabisa, maji tu na mayowe. Bernard Herrmann akatunga hata hivyo, kwa ala za nyuzi peke yake, fidla zinapiga kelele kama ndege. Hitchcock akasikia, akabadili nia. Filamu nzima ile haina tarumbeta, haina ngoma, haina filimbi. Nyuzi tupu.

Swali lako la pili nawaachia wengine, maana nahisi wapo wanaolijua kunizidi.

Dada wa Masaka

Hilo la pili mwalimu nitakujibu mimi, kwa mambo ya kwetu Buganda.

Kila ukoo wetu una omubala wake. Ni mapigo ya ngoma yenye maneno ndani yake. Ngoma ikilia hivyo, hata kama umesimama nyuma ya nyumba na huoni mtu, unajua ni ukoo gani umefika. Wala hujifunzi kwa kukaa chini na kuelezwa, unazaliwa ukiusikia. Kwenye harusi, kwenye sherehe ya mrithi, ukilia omubala wa kwenu miguu yako inajua kabla ya kichwa.

Nilipoanza kusikiliza muziki wa Star Wars niligundua John Williams amewapa watu wake mibala. Yule mwovu mwenye kofia nyeusi, Darth Vader, ana mwendo wake, wa tarumbeta na tromboni, ulioanza kwenye filamu ya 1980. Ukilia tu, hata kama hayumo kwenye picha, kivuli chake kimeingia. Howard Shore alifanya hivyo hivyo kwa kina zaidi kwenye The Lord of the Rings: wale wafupi wa kijijini wana wao, kwa filimbi na fidla ya kijijini, na ile pete ina wake. Muziki wa filamu zile tatu ulimpa Oscar tatu, ukihesabu na ya wimbo.

Kwa hiyo mwalimu, nadhani muziki unaokurudia siku tatu ni ule uliokufundisha omubala wa mtu. Na usioukumbuka ulikuwa unapita tu kujaza kimya.

Sasa sikilizeni hili ndipo mnielewe. Kwenye Return of the Jedi ya 1983 yule mwovu anakufa mikononi mwa mwanawe, kofia imevuliwa, tunaona ni mzee mgonjwa. Omubala wake unarudi. Mwendo ule ule wa kijeshi uliotutisha miaka mitatu. Lakini safari hii tarumbeta hazimo. Unapigwa pole pole, na noti za mwisho zinaangukia kwenye kinubi, moja moja, mpaka zinaisha. Mimi nililia. Mtu amezikwa na wimbo wake mwenyewe.

Mwalimu wa Arua

Dada, umenifungua. Na kinubi ndicho hicho hicho adungu yetu, upinde na nyuzi zake; Waalur na majirani zao huku West Nile wanazo za kila ukubwa, kuanzia ya kupakata hadi ya kusimamisha chini. Kesho watoto wangu watausikia mwisho huo. Nitaupanga kwa adungu tatu.

Afande Mstaafu

Salaam kwa wote. Mimi nilipiga tromboni kwenye bendi ya jeshi miaka kumi na tisa. Fundi, wewe ni mtoto wa Bombo, ukisikia gwaride asubuhi ulikuwa unatusikia sisi.

Nataka kusema neno juu ya wapigaji, maana humu mnataja watunzi tu. Muziki huu unavuma kwa pumzi ya watu. Ufunguzi wa Star Wars ya 1977 ulipigwa na London Symphony Orchestra, na tarumbeta zinaanza juu kabisa kutoka noti ya kwanza, hakuna nafasi ya kupasha moto midomo. Mpiga tarumbeta yeyote wa bendi atakuambia maana yake. Midomo ina misuli kama paja. Ukiamka umechoka, noti ile haitoki, na huwezi kuidanganya. Nilipousikia mara ya kwanza nilisimama wima bila kuamrishwa.

Kosa moja naliona kwa vijana wanaosikiliza kwa simu: spika ile ndogo inakula tromboni na tuba zote. Mnabaki na fidla mkadhani ndiyo okestra. Tafuteni spika yenye kifua. Fundi atawaelekeza.

Binti wa Iganga

Naunga mkono afande. Na kwetu Busoga tunayo hoja ya kumwongezea. Tuna bigwala, tarumbeta za vibuyu vya kifalme. Kila mpigaji ana kibuyu kimoja chenye noti moja tu. Wimbo hauwezi kutoka kwa mtu mmoja hata awe fundi namna gani. Lazima watano au zaidi wasimame pamoja, kila mmoja aingize noti yake mahali pake, ndipo wimbo unazaliwa hewani katikati yao. UNESCO iliiweka bigwala mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa sababu waliobaki wakiijua walikuwa wazee wachache.

Nikitazama video za okestra ikirekodi, macho yangu yanakwenda kwa yule wa ngoma au wa filimbi ndogo nyuma kabisa, anayehesabu kimya muda mrefu akingoja noti yake moja. Ninamjua mtu huyo. Babu yangu alikuwa yeye.

Na watunzi wanawake msiwasahau, tafadhalini. Rachel Portman wa Uingereza ndiye mwanamke wa kwanza kupata Oscar ya kutunga muziki wa filamu, kwa Emma, mwaka 1997. Hildur Guðnadóttir wa Iceland, mpiga selo, aliipata mwaka 2020 kwa Joker. Yeye naye kama Morricone alianza kutunga akiwa na maandishi tu. Ile ngoma ya bafuni ambayo Joaquin Phoenix anacheza polepole baada ya kuua, alikuwa anacheza selo ya Hildur iliyochezwa pale pale chumbani. Selo ndiyo iliyomwonyesha mhusika wake ni nani.

Mpenda Chetu

Ndugu zangu, nitasema jambo ambalo halitawapendeza. Mnasifu vizuri, lakini muziki huu unapokuja Afrika unatufanya nini? Jua linazama, kwaya inaimba "oooh", ngoma mbili, twiga anapita. Filamu inaweza kuwa ya Kampala au ya Cape Town, muziki ni ule ule. Hata hao mnaowataja. Out of Africa ya 1985, ya John Barry, ina Oscar. Iko Kenya, na sehemu kubwa ya muziki wake ni fidla na honi za Ulaya. Nani alituuliza?

FundiSauti wa Bombo

Ndugu, maneno yako ni ya haki na sitayakwepa.

Muziki wa Barry naupenda, na nitasema kwa nini: unamtazama mwanamke wa Denmark aliyepoteza shamba na mpenzi, na kwa huyo unasema kweli. Lakini ni kweli pia kwamba wenyeji wa pale hawana omubala wao, kwa lugha ya dada wa Masaka. Hilo ni pengo, na anayelisikia hajakosea.

The Lion King ya 1994 ni mfano mzito zaidi. Sauti ile ya kwanza kabisa, jua linapochomoza, ni ya Lebo M wa Afrika Kusini, kwa Kizulu, na kwaya za Kiafrika mle alizipanga yeye. Hans Zimmer alikwisha kufanya naye kazi kwenye The Power of One mwaka 1992. Oscar ya muziki ilipotolewa, jina lililosomwa lilikuwa la Zimmer peke yake. Muziki naupenda sana, na bado jambo hilo linaniuma.

Lakini tazama mabadiliko. Ludwig Göransson wa Sweden, kabla ya kuandika noti ya Black Panther ya 2018, alikwenda Senegal akafuatana na mwanamuziki Baaba Maal katika ziara yake. Huko akasikia tama, ile ngoma inayobanwa kwapani ikasema kama mtu. Mfalme wa filamu anapoingia, ngoma hiyo inalitamka jina lake. Huo ni omubala mtupu, ndugu. Okestra nzima ya London imeketi kuifuata tama ya Mwafrika, badala ya tama kupambia okestra. Akapata Oscar mwaka 2019.

Na zile filamu mbili kubwa zilizopigwa hapa kwetu Uganda, The Last King of Scotland ya 2006 na Queen of Katwe ya 2016, ya Phiona Mutesi na sataranji yake, muziki wa zote mbili umetungwa na mtu mmoja, Alex Heffes wa Uingereza. Mwenzangu usizihukumu kabla hujazisikiliza. Ila swali lako linabaki pale pale: ya tatu ataitunga nani?

Kwa maana watu tunao. Joseph Kyagambiddwa aliwatungia Mashahidi wa Uganda muziki mkubwa wa kwaya na ngoma miaka ya 1960. Justinian Tamusuza aliandikia fidla mbili, viola na selo muziki unaotembea kama amadinda, ile marimba ya Kiganda, na Kronos Quartet ya Marekani wakaurekodi kwenye albamu yao Pieces of Africa, mwaka 1992. Nyuzi za Kizungu, miguu ya Kiganda. Ukiusikiliza utajua kwamba okestra inaweza kuongea lafudhi yetu, ikipata mtu wa kuifundisha.

Mpenda Chetu

Tamusuza nimemtafuta na nimemsikiliza mara mbili usiku huu. Narudisha nusu ya maneno yangu. Nusu nyingine bado ninayo.

Mwalimu wa Arua

Niongeze kimoja kwa ajili ya lugha yetu, ingawa si filamu. Christopher Tin wa Marekani alitunga "Baba Yetu" kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa mwaka 2005, Civilization IV. Ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, kwaya na okestra. Mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata Grammy. Kwaya za nchi zisizo na Mswahili hata mmoja zinaimba "jina lako litukuzwe". Wanafunzi wangu walidhani nawatania, mpaka nilipowawekea.

Dereva wa Malaba

Wakuu, mimi ni mtu wa lori. Nasoma uzi huu tangu jana nikiwa foleni hapa mpakani. Okestra siijui. Kibanda nakijua sana, Rambo, Commando zote nimeziona. Naomba mniambie kimoja tu nianze nacho. Spika za kabini yangu ni nzuri, nilizifunga mwenyewe, kifua zinacho kama alivyosema afande. Nina binti wa miaka saba nyumbani Tororo na safari hii nimekaa wiki tatu barabarani. Msinipe cha vita.

FundiSauti wa Bombo

Dereva, kwa hayo uliyosema najua ninakupa nini. Tafuta muziki wa Interstellar, wa Hans Zimmer, 2014.

Nitakuambia ulivyozaliwa. Mwelekezi Christopher Nolan alimpa Zimmer ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mashine, bila kumwambia filamu inahusu nini. Ukurasa ulizungumzia baba na mtoto, na maana ya kuwa baba. Zimmer akakaa kwenye piano akafikiria mwanawe mwenyewe, akatunga kipande kidogo, akampigia Nolan. Ndipo akaambiwa kwamba filamu ni ya vyombo vya angani na sayari. Kipande kile kidogo cha baba na mtoto ndicho kikawa moyo wa yote. Baba anasafiri mbali mno, binti anabaki nyumbani anakua.

Ala kubwa mle ni kinanda cha kanisa, kile cha mabomba, walichokirekodi ndani ya Temple Church, London, kimepigwa na Roger Sayer. Afande atakipenda, maana ni chombo kinachopumua: upepo unaingia kwenye mabomba maelfu, na ukisikiliza vizuri unausikia ukivutwa. Usiweke sauti juu mwanzoni. Anza chini, kitapanda chenyewe. Funga madirisha.

Afande Mstaafu

Kinanda cha mabomba ni bendi nzima ya mtu mmoja. Fundi umechagua sawa. Dereva, zima injini kwanza.

Dereva wa Malaba

Nimerudi. Foleni haijasogea.

Nilizima injini, nikafunga madirisha, nikaanza chini kama nilivyoelekezwa. Hapa nje kuna jenereta, wauza chapati, madereva wenzangu wanagombana juu ya nani alimpita nani. Baada ya dakika chache sikusikia hata kimoja. Kinanda kilikuwa kinapanda mpaka kioo cha mbele kinatetemeka, nikaweka kiganja juu yake nikahisi. Halafu kikakatika ghafla, kimya, kama yule VJ alivyofanya. Sijui nilikaa vile muda gani.

Simu ikalia, ni binti yangu, mama yake alikuwa amempigia. Sikuzima muziki. Nikaisogeza simu kwenye spika nikamwacha asikilize. Hakuongea kwa muda, mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akaniuliza, "Baba, uko kanisani?"

Nikamwambia niko Malaba.

Akasema, "Basi usizime."